Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara, vivuko na mipaka: Safari ya Idi kutoka Amu hadi Tanga

Langoni, Amu
Mfungo Pili

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia barabara, usalama wa wasafiri, vivuko na vituo vya mpaka katika Pwani ya Kenya, pamoja na wenzenu wa upande wa Tanga,

Assalaam alaykum, na salamu za heshima kwa kila mmoja wenu kwa cheo chake.

KUH: MATESO YA WASAFIRI WAKATI WA SIKUKUU

Ninawaandikia hadharani baada ya kuwaandikia faraghani na kunyamaziwa. Tangu mwaka juzi nimepeleka kwa mkono wangu barua tatu katika ofisi tatu mbalimbali. Nakala zake ninazo hapa mbele yangu, kila moja imepigwa muhuri wa "Imepokelewa", na muhuri huo ndio jibu pekee nililopata. Ofisi ya kwanza iliniambia mambo ya mpaka si yake, ya pili ikaniambia mambo ya barabara si yake, na katika ya tatu niliambiwa mwenye faili yuko likizo. Sizitaji ofisi hizo kwa majina, kwa kuwa sikusudii kumwaibisha karani aliyenipokea kwa adabu. Ninachotaka ni kusikilizwa na walio juu yake.

Mimi ni mwanamke wa Amu, yaani Lamu, na mume wangu asili yake ni Ngamiani, Tanga. Mavyaa wangu, yaani mama mkwe, aliyepita miaka 70, anakaa nasi hapa Langoni, na kila Idi humpeleka kwao akaonane na dada zake. Jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Watu wa Amu, Malindi, Vanga, Tanga, Pemba na Unguja wameoana tangu zama ambazo babu zetu walishuka kwa upepo wa kaskazi na kurejea kwa kusi, wala hapakuwa na mtu wa kuwauliza kitu njiani ila bahari. Mstari wa mpaka uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwapitia Wadigo katikati, na hadi leo wako waliozikwa ng'ambo ya mpaka na watoto wao wakiishi ng'ambo ya pili. Kwa hiyo mnapoona mabasi yamejaa kuelekea kusini siku za mwisho za Ramadhani, tafadhali msidhani ni watalii. Ni watu wanaokwenda kwao.

Naomba niwaeleze safari yetu ya Idi iliyopita, kisha nitaje malalamiko yangu moja baada ya jingine.

Tulitoka nyumbani mwezi 29 Ramadhani mara baada ya daku, tukapanda boti gatini, na kabla jua halijachomoza tulikuwa Mokowe, ng'ambo ya bara, na tiketi zetu mkononi. Tiketi ilisema basi litaondoka saa moja asubuhi. Liliondoka saa tatu na nusu. Tulifika Mtwapa jua likizama, tukafuturu ndani ya basi kwa tende na maji tuliyopewa dirishani na vijana wa pale, ambao Mwenyezi Mungu awalipe, maana sikuona mtu mwingine katika njia ile nzima aliyekuwa amejiandaa kutupokea. Mpakani tulifika saa nne za usiku. Tukiwa bado kwenye foleni simu zikaanza kulia kwamba mwezi umeandama, na watu wakaanza kuleta takbira pale pale waliposimama, pasi mkononi na watoto mabegani. Saa nane za usiku ndipo basi letu liliporuhusiwa kuendelea. Tanga tuliingia alfajiri, watoto macho mekundu, na mavyaa miguu imemvimba hata akashindwa kwenda kwenye swala ya Idi aliyoisafiria.

1. Kuhusu kusindikizwa kwa magari kati ya Mokowe na Garsen.

Nianze kwa kusema kwamba sipingi kusindikizwa na askari. Sisi watu wa Lamu ndio tuliozika maiti. Hatujasahau mashambulizi ya Mpeketoni mwezi Juni 2014, wala hatujasahau Januari 2020, basi la abiria liliposhambuliwa Nyongoro na watu wakauawa. Askari wanaokaa katika barabara ile, jua na mvua, wanastahili shukrani zetu, na mimi ninawashukuru kwa dhati.

Ninalolalamikia ni kwamba msafiri hajui asubiri hadi lini. Asubuhi ile pale Mokowe hakuna aliyeweza kutuambia kama msafara utaondoka saa mbili, saa tatu au saa nne. Dereva alimwuliza askari, askari akasema anangoja amri, utingo akasema "bado kidogo", na hiyo "bado kidogo" ikala saa mbili na nusu. Siku za kawaida kuchelewa huku ni usumbufu tu, kwani anayekwenda Malindi atafika Malindi. Lakini kwa mtu mwenye njia ndefu, kila nusu saa inayopotea Mokowe humfuata hadi mwisho wa safari na kuzaa nyingine. Kutoka Mokowe hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Likoni hadi mpakani ni takriban 100 nyingine. Aliyetoka Mokowe saa moja huikuta Mtwapa mchana na mpaka jioni. Aliyetoka saa tatu na nusu huikuta Mtwapa wakati kila mtu anakimbilia futari, na mpaka anaukuta usiku, zamu zimebadilika na madirisha yamefungwa.

Tena siku za kuelekea Idi magari huongezeka mara dufu, lakini misafara haiongezwi. Tunafungamanishwa sote pamoja, mabasi, malori ya ng'ombe na magari madogo, na mwendo wetu ni mwendo wa lori lililochoka kuliko yote.

Ningependa pia kukumbusha kuhusu maji. Mwishoni mwa mwaka 2023, mvua za El Niño zilipoufurisha mto Tana, barabara hii ilikatika upande wa Gamba na Lango la Simba, na watu wakakwama huku na huku. Wako waliokata tiketi siku kama hizo na kufikishwa ukingoni mwa maji ndipo wakaambiwa njia haipitiki. Habari ya maji husafiri haraka kuliko basi, na ingeweza kuwafika watu wangali Mokowe.

2. Kuhusu nauli.

Nauli tuliyotozwa ilikaribia maradufu ya ile ya wiki mbili nyuma, kwa basi lile lile na kiti kile kile kilichochanika. Nilipouliza nikajibiwa, "Mama, hii ni sikukuu", kana kwamba sikukuu ni kodi. Kwa upande wa Tanzania iko mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, ambayo hupanga viwango vya nauli za mabasi, na abiria akitozwa zaidi ana mahali pa kupiga simu. Kwetu nauli ni hiari ya mwenye gari. Siombi serikali ipange bei ya kila safari, maana najua mafuta hupanda na basi hurudi tupu baada ya Idi. Ninaomba angalau nauli ya sikukuu ibandikwe ofisini mwa basi siku saba kabla, na iandikwe kwenye tiketi, ili mtu ajue anachokwenda kulipa kabla hajafunga begi.

3. Kuhusu Kilifi, Mtwapa na Likoni.

Hapa sitakawia, kwa kuwa kila anayeijua Pwani anayajua. Wazee wetu walipanga foleni ya kivuko Kilifi mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 1991, na sisi tunapanga foleni barabarani. Upanuzi wa barabara baina ya Mombasa na Kilifi ni neema, tunauombea ukamilike, na barabara ya Dongo Kundu imetupunguzia mzigo wa feri. Lakini wakati wa futari pale Mtwapa sikuona askari hata mmoja wa trafiki akiongoza magari. Matatu zilikuwa zimeshageuza njia mbili kuwa nne, na gari la wagonjwa likipiga king'ora nyuma yetu bila pa kupita.

4. Kuhusu mpaka.

Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu, na ninaomba mnivumilie nilieleze kwa urefu.

Kwa mujibu wa utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpaka, ambao nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliutungia sheria mwaka 2016, msafiri hana haja ya kusimama mara mbili. Anayetoka Kenya hupita moja kwa moja hadi jengo la Horohoro, upande wa Tanzania, na humo hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia. Anayerudi hufanyiwa vivyo hivyo Lunga Lunga, upande wa Kenya. Utaratibu ni mzuri, na majengo yapo. Siku ya kawaida nimewahi kuvuka kwa dakika 20, na nikawasifu maafisa mbele ya watoto wangu.

Usiku ule wa kuamkia Idi mabasi yalikuwa yamepangana mpaka nje ya geti, na dirisha lililokuwa likifanya kazi lilikuwa moja. Sitasema ni la upande gani, kwa sababu nimeshaona pande zote mbili zikirushiana lawama kama mpira, na sitaki kuwapa pa kuanzia. Afisa aliyekuwa dirishani alikuwa kijana mpole aliyechoka, na nilimhurumia kuliko nilivyomkasirikia. Alikuwa peke yake mbele ya umati, hakuwa amekula, na alipoinuka kwenda kula foleni yote ikasimama naye.

Foleni inaposimama, ndipo hutokea wale vijana. Hawana sare wala kitambulisho, lakini wanajua mlango wa ubavuni. Anakuja akakuambia kwa sauti ya chini, "Nipe pasi zenu nikusaidieni, mama, watoto wanalala." Waliokuwa na cha kutia ndani ya pasi walitangulia, nasi tuliokataa tukabaki tukiwahesabu wanaotupita. Sina ushahidi wa nani hugawana nini na nani, na sitamzulia mtu. Ninachojua ni kwamba madirisha yote yangefunguliwa, vijana wale wasingekuwa na biashara.

Kisha likaja la kadi ya homa ya manjano. Mavyaa wangu anayo kadi aliyochanjwa mwaka 2009. Afisa wa afya aliitazama akasema imekwisha muda, kwa kuwa imepita miaka 10. Waheshimiwa, kanuni hiyo ya miaka 10 ilifutwa. Tangu tarehe 11 Julai 2016, chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za Shirika la Afya Duniani, cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha, hata kile kilichotolewa kabla ya tarehe hiyo. Nilikuwa nimeichapisha kanuni ile na kuitia kwenye mkoba, maana hii haikuwa mara ya kwanza. Afisa hakuisoma. Alituambia tuchague: ama mama achanjwe upya pale pale, ama "tuzungumze". Chanjo hii kwa aliyevuka miaka 60 haitolewi hivi hivi. Madaktari huipima faida yake na hatari yake kwanza. Tungekubalije mkongwe wa zaidi ya miaka 70 achomwe sindano asiyoihitaji, usiku wa manane, amesimama ukutani?

Tulikataa yote mawili. Tukakaa chini kwa muda wa saa nzima, mpaka akapita msimamizi wa zamu, akaiangalia karatasi yangu, akaiangalia kadi, akasema, "Hii ni sawa, waacheni wapite." Hayo ndiyo yaliyoniuma kuliko yote. Kanuni ilikuwa inajulikana ndani ya jengo lile, ila haikuwa imefika dirishani.

Liko na lingine, ingawa najua liko juu ya uwezo wenu. Mkenya anayekwenda Kampala au Kigali huvuka kwa kitambulisho chake cha taifa, lakini anayekwenda Tanga kwa shangazi yake lazima awe na pasipoti au hati ya muda. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na watoto waliozaliwa mwaka ule sasa ni vijana wa sekondari. Hilo naliacha kwa wakubwa wenu.

5. Kuhusu mahali pa kungojea.

Mokowe na mpakani pia hapakuwa na viti vya kutosha wazee, wala sehemu safi ya kumbadilisha mtoto nepi. Vyoo vilikuwa vimefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo hakuonekana. Sitaongeza neno, kwa sababu kuna mambo ambayo mwanamke wa Amu hayaandiki hadharani.

Najua baadhi ya majibu mtakayonipa, kwa kuwa nimeshayasikia kwa mdomo pale nilipokosa ya maandishi.

Mtasema Idi haina tarehe, inategemea mwezi, na maafisa hawapangwi kwa kubahatisha. Ni kweli Idi ya Mfungo Mosi, inayofuata Ramadhani, ina usiku mmoja wa shaka, lakini shaka hiyo ni ya siku moja tu, ama 29 ama 30, na kila mtu ameijua tangu Ramadhani iandame. Tena kama Kenya na Tanzania hazikuuona mwezi pamoja, hiyo ni sababu ya kuwaweka maafisa siku mbili, wala si ya kutowaweka kabisa. Na Idi inayokuja ni Idi ya kuchinja, ya Mfungo Tatu, ambayo mwezi wake huandama siku tisa nzima kabla ya sikukuu yenyewe, kwa hivyo safari hii kisingizio cha mwezi hakipo. Krismasi je? Hiyo tarehe yake haijabadilika tangu mzaliwe, na watu wa Mpeketoni na wa Malindi wanaokwenda bara mwezi wa Disemba wananieleza habari zile zile.

Mtasema maafisa ni wachache na bajeti ni ndogo. Huenda. Lakini sikuomba wahudumu wapya wa mwaka mzima. Nimeona mwenyewe, siku kiongozi mkubwa anapopita mpakani, madirisha yote yana watu. Basi watu wapo.

Mtasema kutangaza saa za msafara ni kumpa adui habari. Hili ni jibu zito kuliko yote, nami nimelifikiria sana kabla ya kuandika. Sitaki saa itangazwe redioni. Ninaomba wenye mabasi waambiwe usiku wa kuamkia safari, kwa njia mnayoiamini, ili wasiuze tiketi ya saa moja kwa gari litakaloondoka saa tatu. Adui anayetuvizia hahitaji kusoma tiketi zetu, kwa kuwa mabasi zaidi ya kumi yakikusanyika Mokowe kwa saa mbili, yanaonekana na kila mwenye macho. Kungoja kwenyewe ndiko hatari.

Na mtasema, kila mmoja kwa zamu yake, kwamba hili si la idara yenu. Hapo ndipo kwenye kiini cha barua hii. Askari wa Mokowe anasimamia kilomita zake, trafiki wa Mtwapa za kwake, mwenye feri maji yake, afisa wa pasi dirisha lake, afisa wa afya meza yake. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza kama mama aliyepanda boti Amu alfajiri amefika Tanga. Kwenu ni vipande vitano, lakini kwetu ni safari moja.

Kwa hivyo ninaomba yafuatayo yafanywe kabla ya Idi ya Mfungo Tatu. Kwanza kabisa, idara zote zinazohusika, za pande zote mbili za mpaka, zimteue mtu mmoja wa zamu kwa siku tano kabla ya sikukuu na tatu baada yake, mwenye nambari ya simu iliyobandikwa Mokowe, Malindi, Likoni na mpakani, na mwenye uwezo wa kumpigia yeyote kati yenu akamjibu. Nimelitanguliza hili kwa sababu likifanywa, mengine mengi yatafuata. Kisha misafara ya kusindikiza iongezwe siku hizo, malori ya mizigo yatengwe na mabasi ya abiria, na njia ikifungwa kwa maji au kwa usalama wenye mabasi waarifiwe kabla hawajauza tiketi. Madirisha yote ya mpaka yawe na maafisa usiku na mchana katika siku hizo nane, wapokezane chakula badala ya kufunga, na wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga wawe na foleni yao. Kanuni ya chanjo ya homa ya manjano iandikwe kwa Kiswahili kwa herufi kubwa, ibandikwe juu ya meza ya afya, upande ambao msafiri na afisa wote wawili wataisoma. Nauli zibandikwe, na vyoo vifunguliwe.

Hakuna katika hayo linalohitaji daraja jipya wala barabara mpya.

Ninaomba pia nijibiwe kwa maandishi, hata kama jibu ni la kukataa, kabla mwezi wa Mfungo Tatu haujaandama. Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mkono katika ofisi zile zile tatu na, kama kawaida, imepigwa muhuri.

Sisi tutakuwa gatini Amu siku ya sita ya Mfungo Tatu, kabla ya alfajiri, pamoja na mavyaa na kadi yake ile ile ya mwaka 2009.

Wenu kwa heshima,

Mama wa watoto wanne,
Langoni, Amu